Ukurasa wa Mke

Nilijua kupiga chapa kabla sijajua kupika chapati za kueleweka. Baba yangu, fundi wa samani aliyetoka Mkoa wa Kati na kufungua karakana kando ya Barabara ya Jogoo, alinipeleka chuo cha uhazili mara tu nilipomaliza kidato cha nne. Aliamini msichana anayejua taipureta hawezi kulala njaa Nairobi, na katika hilo hakukosea. Nilipata kazi katika ofisi ndogo ya kupiga chapa na kutoa kopi, ghorofa ya kwanza, karibu na Soko la Burma. Tukifungua dirisha, moshi wa nyama choma ulipanda ngazi kama mteja, ukakaa kwenye nywele na kwenye karatasi. Watu walituletea barua zao za kuomba kazi, wakaondoka nazo zikinukia mbavu za mbuzi.

Mwenye ofisi alikuwa mama mmoja aliyestaafu ukarani serikalini, mnene, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Katikati ya miaka ya tisini alinunua kompyuta. Aliiweka mezani akaifunika kitambaa cha kroshia alichofuma mwenyewe, na kwa wiki kadhaa ikawa inafunuliwa kwa wageni tu. Hakuthubutu kuigusa. Mimi ndiye niliyejifunza kuitumia, nikikosea na kujisahihisha, hadi wateja wakaanza kuniulizia mimi badala yake.

Mume wangu nilimpata humo ofisini. Alikuja kuchapishiwa maelezo yake ya kazi. Alikuwa na diploma ya umeme, lakini kila asubuhi alisimama kwenye lango la kiwanda kimoja huko Viwandani pamoja na vijana wengine, akingoja kuchaguliwa kwa kibarua cha siku. Nilimchapia vizuri, nikampangia. Kesho yake alirudi akidai kuna koma iliyokosekana. Tuliitafuta ile koma pamoja, vichwa vikikaribiana juu ya karatasi, na haikuwa imekosekana.

Yeye alitoka kwa watu wa magharibi ya nchi. Baba alipopata habari aliweka randa chini, akasema hawajui hao watu, hajui desturi zao, na hatapokea mtu yeyote atakayekuja kuzungumza. Basi hakuna aliyekwenda kuzungumza. Nilibeba nguo zangu kwenye mfuko, nikaenda kuishi naye katika chumba kimoja kwenye mtaa uitwao Tena, nyuma ya nyumba ya mwalimu aliyekuwa amejenga vyumba vya kupangisha hadi ua ukaisha. Tulisema harusi itakuja baadaye, hali ikitengemaa. Nusu ya majirani zetu waliishi vivyo hivyo. Binti yetu alipozaliwa tulimwita Toto, ingawa alikuwa na jina lake kamili, na kuanzia siku hiyo mimi nikawa Mama Toto na yeye akawa Baba Toto. Sisi wenyewe tuliitana hivyo, hata tukiwa wawili tu.

Mama yake aliishi Dandora, kwenye ploti ambayo yeye na marehemu mumewe walijenga chumba baada ya chumba. Aliuza mboga za kienyeji, sagaa na mrenda na kunde. Yeye alinipokea siku ya kwanza. Alinishika mkono, akanikalisha jikoni, akaniambia, "Hapa hakuna mgeni. Chukua hizo mboga uchambue." Nilikuwa nimefiwa na mama yangu nikiwa mdogo. Yule mama alinipa mahali pa kukaa moyoni mwangu mwenyewe, sijui nieleze vipi vinginevyo.

Habari za chuo zilitoka kwa binamu yake mume wangu, aliyekuwa Marekani tayari. Alimwandikia kwamba kuna chuo huko kinachochukua wanafunzi wa ufundi kutoka nchi zetu na kuwasaidia karo, na kwamba siku hizi huhitaji kungoja fomu kwa posta. Fomu iko kwenye kompyuta, unaijaza hapohapo, unabonyeza, imefika. Mume wangu alisoma barua ile akizunguka chumba, na chumba chenyewe hakikuwa na pa kuzungukia.

"Mama Toto, Mungu alijua alichokuwa anafanya kunipa mke anayejua kompyuta," alisema.

Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi kuliko yeye.

Kompyuta ya ofisini haikuwa na intaneti. Wakati huo, mwishoni mwa miaka ya tisini, intaneti ilikuwa kitu cha mjini, na hata huko mjini ilipatikana sehemu chache tu. Tulikwenda Jumamosi mchana, tukamwacha mtoto kwa bibi yake Dandora. Mahali penyewe palikuwa juu ya duka la viatu, chumba chenye zulia la kijani na kompyuta zilizopangwa ukutani, kila moja na kiti chake cha plastiki. Msichana wa pale alikuwa wa rika langu, nywele kazisuka kwa nyuzi nyekundu. Alituangalia viatu kwanza.

"Mshawahi kuingia kwa intaneti?" alituuliza.

"Huyu anajua," mume wangu alisema, akiniegemeza bega. "Ni sekretari."

Nikakaa kwenye kiti, yeye akasimama nyuma yangu, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti, mwingine ameshika vyeti vyake ndani ya bahasha. Msichana alitufungulia, akatuonyesha pa kuandika anwani ya chuo. Mashine ililia kama paka aliyekanyagwa, kisha ikanyamaza, kisha ukurasa ukaanza kushuka, mstari kwa mstari, polepole kama pazia. Mwanzo lilitokea jengo la matofali mekundu lenye miti mbele yake. Kisha nyuso za vijana wanaocheka. Kisha fomu.

Mimi nilikuwa nimejaza fomu nyingi maishani, zangu na za watu. Fomu ya karatasi ina huruma. Kama hujui jambo, unaacha wazi. Kama halikuhusu, unapiga mstari. Kama mistari haitoshi, unaandika pembeni kwa herufi ndogo, na mtu wa kusoma atasoma. Ile ya kompyuta haikuwa na pembeni. Ilikuwa na visanduku, na kila kisanduku kilitaka kitu chake, na chenye nyota nyekundu hakikukubali kuachwa.

Tulianza na majina. Mume wangu alikuwa na majina matatu, visanduku vilikuwa viwili. Tukashauriana, tukaliacha la babu. Kisha ikataka barabara na nambari ya nyumba. Mtaa wa Tena haukuwa na barabara yenye jina hapo tulipoishi, ulikuwa na njia ya matope na duka la kona. Nikaandika jina la mtaa na sanduku la posta la ofisi yetu. Kisha ikataka nambari za posta za aina ambayo hatukuwa nayo. Niliacha wazi, nikabonyeza kuendelea. Ukurasa ukarudi na maneno mekundu: sehemu hii lazima ijazwe.

"Weka sifuri," mume wangu alisema.

Nikaweka sifuri hadi kisanduku kikajaa. Ikakubali. Tulicheka, msichana mwenye nyuzi nyekundu akageuka kutuangalia.

Tukaenda vizuri. Shule, mitihani, diploma, kazi alizofanya. Nilimgeuza kibarua wa langoni kuwa fundi msaidizi, na huo haukuwa uongo mkubwa, kwa kuwa akichaguliwa ndiyo kazi aliyofanya. Kisha tukafika kwenye hali ya ndoa. Kulikuwa na orodha fupi, unachagua kwa kipanya. Nilichagua "ameoa" bila kufikiri, kama mtu anavyoandika jina lake.

Ukurasa ukabadilika. Ulifunguka mwingine ambao haukuwa pale mwanzo. Juu yake paliandikwa: maelezo ya mke au mume. Jina lake. Tarehe yake ya kuzaliwa. Elimu yake. Kazi yake. Je, angependa kuandamana na mwanafunzi? Kila swali lilikuwa na kisanduku chake cheupe, na kwenye kile cha kwanza kile kistari kidogo kilikuwa kinawaka na kuzima, kinaningoja.

Sikuwa nimewaza kwamba watu wa mbali hivyo wangeniulizia. Niliandika jina langu la kwanza. Nikaanza la pili.

"Ngoja," mume wangu alisema.

"Nini?"

"Rudi nyuma."

"Kuna kosa?"

Aliinama hadi sikioni, sauti akaishusha ili yule msichana asisikie. "Binamu amesema niweke sijaoa. Wanapenda watu ambao hawana mzigo. Ukiweka familia wanadhani utataka pesa zaidi, wanampa mwingine."

"Lakini umeoa."

"Mama Toto, si hata hatujafunga harusi. Kanisani hatujaenda, kwa D.C. kuandikisha ndoa hatujaenda, baba yako hata chai yetu hajanywa. Wakitaka cheti, tutawapa nini? Kisheria mimi sijaoa. Si uongo."

Kwenye skrini jina langu lilikuwa limekatika katikati.

"Ni fomu tu," alisema. "Nikishafika nitarekebisha. Nitawaita nyinyi wawili. Ama unataka tukose hii nafasi kwa sababu ya neno moja?"

Watu wawili walikuwa wanangoja kiti chetu, na dakika pale zililipiwa. Nilirudi nyuma. Nikachagua "hajaoa." Ukurasa wa mke ukafungwa, hata haukuuliza kama nina hakika.

Lakini chini yake kulikuwa na swali jingine, lenye nyota. Idadi ya watoto. Hapo mkono wangu ulisimama. Hoja ya cheti haikufika huko. Mtoto hana harusi. Mtoto alikuwa Dandora wakati huo, labda amelala mgongoni kwa bibi yake. Nikaacha wazi nikabonyeza kuendelea, nikitumaini itapita. Ukurasa ukarudi, mekundu yaleyale: sehemu hii lazima ijazwe.

Nilimgeukia. Nilitaka aseme yeye. Alikuwa anaangalia dirishani.

"Baba Toto. Inataka nambari."

"Si unajua nambari ya kuweka," alisema, bado anaangalia dirisha.

Nikaweka sifuri. Ile ya posta ilituchekesha. Hii hakuna aliyeicheka.

Tulikuwa tumebakiza ukurasa mmoja tu wakati skrini ilipogeuka nyeupe. Msichana alikuja, akagusa waya, akasonya. "Laini imekatika. Pole. Itabidi muanze tena."

Tukaanza tena. Mara hii vidole vilikuwa vimejua njia. Majina mawili, mtaa, sifuri za posta, diploma, kazi. Sikukaribia ule ukurasa. Nilipita kwenye "hajaoa" na kwenye idadi ya watoto kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mtu anayemdai, haraka, bila kuinua macho. Hilo ndilo jambo linaloniuma mpaka leo. Mara ya kwanza nilibishana. Mara ya pili nilikuwa nafanya kazi yangu, na niliifanya bila kosa hata moja la chapa.

"Bonyeza wewe," nilimwambia tulipofika kwenye kitufe cha kutuma.

Akanyoosha mkono juu ya bega langu, akabonyeza. Maneno yakaja: asante, ombi lako limepokelewa. Alinikumbatia pale pale mbele ya watu. Chini mtaani alininunulia soda na chipsi, akanitazama nikila kama mtu anayelisha mgonjwa.

Walimchukua. Barua pepe ilikuja kwenye anwani tuliyomfungulia siku ileile, na neno lake la siri alilichagua yeye mwenyewe: jina kamili la binti yetu. Nilikuwa naenda mjini kila Jumamosi kuangalia, na mimi ndiye niliyeona kwanza. Nilikimbia ngazi zile hadi nikateguka kifundo. Mwaka mpya ulipoanza tulimfanyia maombi Dandora, mama yake akachinja kuku wawili, mchungaji akaweka mkono juu ya kichwa chake, majirani wakaimba. Mama yake alisimama akasema anamshukuru Mungu kwa mwanawe, na anamshukuru kwa mke wa mwanawe, maana bila mikono ya huyu binti asingekwenda popote. Watu wakapiga makofi. Mume wangu alipiga makofi pia.

Mwanzoni aliandika sana. Aliniandikia kuhusu baridi inayouma meno, kuhusu jikoni alikoosha vyombo jioni, kuhusu mkate wao usio na ladha. Mwambie Toto hivi, mwambie Toto vile. Nilichapa majibu marefu, nikamwambia mtoto ameota jino, ameanza kusema "gari." Nilimuuliza kama amesharekebisha ile fomu. Alijibu yote mengine. Niliuliza tena. Akasema ofisi za huko zina utaratibu, niache pupa.

Kisha barua zikawa fupi. Kisha, Jumamosi moja, nilipotaka kufungua anwani yake kama zamani, niliandika jina la binti yangu kwenye kisanduku cha neno la siri na mashine ikalikataa. Nilidhani nimekosea. Nililiandika kwa herufi kubwa, kwa ndogo, polepole, kidole kimoja kimoja kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Si sahihi. Si sahihi. Yule msichana wa nyuzi nyekundu alikuja akasimama kando yangu. Alikuwa amenizoea sasa.

"Labda amebadilisha, dada," alisema kwa upole.

Nilifungua anwani yangu mwenyewe, ile niliyopokelea barua zake, nikamwandikia. Hakujibu. Nilimwandikia binamu yake. Naye hakujibu. Mwisho niliandika chuoni, kwa Kiingereza changu bora cha ofisi, nikaeleza kwamba mimi ni mke wa mwanafunzi fulani, kwamba tuna mtoto, na kwamba naomba kujua taratibu za familia kumfuata.

Majibu yalikuja upesi, na yalikuwa na adabu. Waliniambia kwamba katika kumbukumbu zao mwanafunzi huyo hana mke wala mtoto, hivyo hawawezi kuzungumza habari zake na mtu asiye jamaa. Kisha, kama mtu anayempa mgeni maji kabla ya kumfungia mlango, wakaongeza maelezo ya jumla. Chuo kina nyumba za wanafunzi wenye familia. Mke anaweza kuombewa ruhusa ya kusafiri pamoja na mumewe. Kuwa na familia hakumpunguzii mwanafunzi nafasi ya kusaidiwa karo. Yote hayo huanzia kwenye ukurasa wa maelezo ya mke, katika fomu ya maombi.

Nilisoma mara nyingi. Haikuwa hata lazima. Uongo ule haukumnunulia chochote ambacho ukweli usingempa bure. Nimejiuliza tangu hapo kama binamu alidanganywa, au kama hakuna binamu aliyesema lolote, na lile neno la mzigo lilitoka kichwani mwa mume wangu mwenyewe pale, akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Sijawahi kupata jibu.

Alipiga simu ofisini baada ya hapo. Yule mama mwenye ofisi ndiye aliyeipokea, akanipa mkono wa simu akiwa amekunja uso, kwa sababu hakupenda simu za binafsi.

"Umeandika nini huku chuoni?" Ndiyo maneno yake ya kwanza. Hakusema hujambo, hakuuliza mtoto. "Wameniita ofisini. Unataka nifukuzwe?"

"Niliuliza utaratibu. Ulisema utarekebisha."

"Nitarekebishaje? Nikisema sasa nina mke, watasema nilidanganya kwenye fomu. Wananirudisha nyumbani kesho."

"Basi umemwambia nani kwamba una mke?"

Nilisikia kelele za vyombo nyuma yake, na sauti ya mwanamke ikiita kitu kwa Kiingereza.

"Mimi ni nani kwako?" niliuliza.

"Usinianzie hayo. Wewe mwenyewe ndiye uliyeandika. Mimi sikugusa kibodi. Uliandika kwamba sijaoa na sina mtoto, ukaandika mara mbili."

Simu ikakatika, au akaikata. Nilibaki nimeishika. Mama mwenye ofisi alikuwa amesikia ya kutosha. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa sweta, akaivaa tena.

"Kaa," aliniambia. "Kuna barua za yule mwenye bucha. Anakuja kuzichukua."

Nikakaa, nikazichapa. Zamani nilimwona katili kwa hilo. Sasa nadhani hakuwa na kitu kingine cha kunipa.

Dandora nilikwenda Jumapili, nikamweleza mama mkwe kila kitu. Alinisikiliza akichambua mrenda, hakuinua kichwa. Nilipomaliza, alilia kimya, machozi yakidondokea ungo. Nilidhani analia kwa ajili yangu, na nusu yake ilikuwa kwa ajili yangu.

Baada ya wiki kadhaa alikuja kwangu mtaani Tena, jambo ambalo hakuzoea, pamoja na shemeji zake wawili waliovaa makoti. Walikaa kitandani kwa sababu viti havikutosha. Nikawapikia chai. Mmoja wa wale wazee akakohoa, akasema wamezungumza kama ukoo. Kijana amepotea njia, lakini ukoo haujapotea. Wako tayari kwenda kwa baba yangu na mahari, hata kama mwenyewe hayupo, ili mimi nijulikane kuwa mke wa pale na mtoto ajulikane kuwa wa pale.

"Na mtoto," mama mkwe alisema, "angekaa kwangu wakati wewe unafanya kazi. Akue akijua kwao."

Hapo nikaelewa safari ilikuwa kwa ajili ya nani. Toto alikuwa amelala magotini kwake, na mkono wake ulikuwa umemzunguka kama mtu aliyeshika kikapu sokoni.

"Mama," nilimwambia, "wewe ndiye unayenioa?"

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Mwenye kunioa yuko wapi? Amewatuma? Amewaambia mje?"

Wazee wakatazama vikombe vyao.

"Akija yeye, aje yeye," nilisema. "Mtoto haondoki hapa."

"Nilikupokea," alisema mama mkwe. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Baba yako alipokukataa, mimi nilikupokea."

"Ndiyo, Mama. Ulinipokea."

Walimaliza chai, wakaomba sala fupi, wakaondoka. Alinyanyua mtoto kutoka magotini akanipa, na aliponipa hakunitazama. Niliendelea kumpeleka Toto kwake Jumapili moja moja, lakini jikoni sikukalishwa tena. Nililetewa kiti sebuleni na soda kwenye sahani, kama wanavyofanyiwa wageni. Baadaye alipangisha ploti akarudi kijijini kwao magharibi. Mavuno yakiwa mazuri alituma gunia dogo la mahindi kwa basi, bila ujumbe. Naamini nilifanya sawa kumnyima mtoto. Naamini pia kwamba mume wangu alininyang'anya mama wa pili, na hilo ndilo sijamsamehe, kuliko lile la kwanza.

Baba yangu alinisalimu tena, polepole, kupitia kwa mjukuu. Hakuwahi kusema "nilikwambia." Alitengeneza kitanda cha mtoto, akakileta kwa mkokoteni hadi Tena, akakifunga mwenyewe akiwa amepiga magoti, akaenda zake.

Mume wangu alipiga simu tena mara moja tu, wakati Toto alikuwa ameshaingia shule na mimi nimeshanunua simu ya mkononi. Sijui namba aliitoa wapi. Tulikuwa tumekaa mlangoni tukimenya viazi, mimi na binti yangu. Aliniambia ameoa huko, kwa cheti, akasema neno la cheti kwa uangalifu kama mtu anayeonyesha risiti. Akauliza kama anaweza kuzungumza na mtoto. Nilimpa simu.

Toto alisikiliza. Akasema, "Ndiyo." Akasema, "Hapana." Kisha akasema tena, "Ndiyo," akanirudishia simu, na ilikuwa imeshakatika.

"Amesema nini?" nilimuuliza.

"Ameniuliza kama ninamkumbuka."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia ndiyo." Alichukua kiazi kingine, akakigeuza akitafuta pa kuanzia. "Simkumbuki. Lakini alikuwa na sauti ya huzuni, Mama. Nilimwonea huruma."

Nilimtazama binti yangu, nisijue huruma hiyo aliipata kwa nani. Mimi sikuwa nayo. Nilimsogezea sufuria karibu, tukaendelea kumenya.